Safari ya Pantoni Iliyoanza Jumatatu

Kutoka Magogoni hadi Kigamboni kwa pantoni ni dakika chache tu. Ukinunua karanga upande huu, unashuka upande wa pili kifuko hakijafika nusu. Mume wangu aliianza safari hiyo Jumatatu usiku, akiwa amelala chali kitandani kwetu Temeke, macho darini. Posa ya mpwa wake tuliyotakiwa kuipeleka ng'ambo, yeye akiwa mshenga, ilikuwa ya Jumamosi, na barua yenyewe ilikuwa bado haijaandikwa.

“Pakiwa na foleni pale getini?” aliuliza saa saba usiku.

Nikamwambia foleni husogea.

“Na injini ikizima tukiwa katikati?”

Saa nane alikuwa ameshafika katikati ya mkondo. Saa tisa alikuwa amezimia mbele ya wakwe, barua imedondoka, mashangazi wanapiga kelele. Ilipoadhiniwa alfajiri alikuwa amekwenda Kigamboni na kurudi mara nyingi kuliko pantoni, na kila alipokwenda alikufa. Asubuhi akaamka akaketi kwenye cherehani, akashona sketi ya mteja, mfuko akauweka kwa nyuma.

Msije mkadhani nimeolewa na mwoga. Huyu ni mtu aliyewahi kumkimbiza mwizi wa betri ya gari la jirani akiwa na taulo kiunoni, na akarudi na betri. Bahari haimtishi, amekulia Kigamboni hukohuko, amejifunza kuogelea kabla ya kusoma. Tatizo lilianza mwaka jana, siku ya joto, pantoni imeshona watu, naye amebeba furushi la sare za shule. Katikati ya maji moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu. Jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi, midomo ikawasha, pumzi akaivuta ikawa haishuki. Akajua anakufa. Hakudhani, alijua. Akashuka ng'ambo amekumbatia furushi, akakaa chini ya kivuli cha kibanda cha chipsi, na baada ya muda hali ikapita yenyewe, ikamwacha amechoka na ana aibu.

Tulikwenda hospitali, kama inavyopasa mtu mzima akishikwa na kifua kwa mara ya kwanza. Wakampima damu, wakampiga picha ya kifua, wakambandika nyaya za kupima moyo. Daktari akasema moyo ni mzima. Mtu mwingine angetoka pale akinunua soda. Mume wangu alitoka kanyong'onyea.

“Basi ni kitu ambacho hata mashine haikioni,” alisema.

Hapo ndipo ukoo ulipoingia. Mama mkwe aliona ni husuda ya mafundi wenzake, akaleta chetezo na mafusho. Kwa juma zima vitambaa vya wateja vilinuka ubani, na bibi harusi mmoja akarudisha gauni. Shangazi Mkubwa alisema ni jini la baharini lililompenda tangu utotoni. Shekhe wa mtaa, ambaye ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote, alimwombea dua kisha akamwambia arudi hospitali. Kaka yake, mtu wa kufariji kwa takwimu, alimkalisha barazani akamhesabia: MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018. Alipomaliza akamgonga begani akamwambia, “Lakini wewe usiwe na wasiwasi.”

Maskini kaka mtu, alikosea mlango. Mume wangu hakuogopa chombo kuzama. Aliogopa ile hali kumrudia mahali pasipo pa kutokea, mbele za watu, akaonekana anatapatapa bila kuguswa na mtu. Hofu ya namna hiyo haihitaji bahari. Ukiipa mlango mmoja inatafuta mwingine.

Kwanza tukaacha pantoni, tukawa tunazunguka Kurasini kwa daraja, lile lililofunguliwa mwaka 2016. Nauli iliongezeka, lakini tulisema afya kwanza. Siku moja foleni ikasimama juu ya daraja, mbele gari, nyuma gari, na hakuna pa kugeuzia. Daraja nalo likaondoka kwenye orodha. Kisha daladala, isipokuwa kiti cha karibu na mlango. Kisha benki, kwa sababu ya foleni. Msikitini akahamia safu ya mwisho, viatu mkononi. Kilichonimaliza ni kinyozi. Alivishwa shuka shingoni, mashine ikapita upande wa kushoto, na hapo akahisi moyo umeruka pigo. Akalipa, akanyanyuka, akaja nyumbani na nusu kichwa. Watoto walidhani ni mtindo.

Nyumba nzima ikajipanga kumsaidia. Sare nikawa nazipeleka mimi. Wifi akachukua mambo ya benki na bili za maji. Mwanangu mkubwa akanunua mashine ya kunyolea akawa kinyozi wa baba yake, kazi ambayo hakuwa na kipaji nayo. Mama mkwe akahamishia mkeka wake kwenye chumba cha cherehani ili fundi asibaki peke yake. Na kila baada ya muda mtu alichungulia mlangoni: “Pole, baba. Unajisikiaje sasa?” Mtu akiulizwa anajisikiaje mara ishirini kwa siku, atajisikia tu. Ukimpa paka wa mtaani kichwa cha samaki leo, kesho utamkuta mlangoni na mwenzake. Nasi tulikuwa tunagawa vichwa vya samaki asubuhi, mchana na jioni, kwa upendo kabisa.

Kisha ikaja mashine ya presha. Jirani yetu muuguzi alituazima kwa nia njema, ile ya kujifunga mkononi ikajaa upepo. Mume wangu akajipima asubuhi, akakuta 128. Akashtuka, akajipima tena, ikawa 136. Kushtuka kwa 136 kukaleta 145, na kufikia saa nne tulikuwa tumemlaza, tunampepea, na mashine inaendelea kusoma hesabu za kwenda juu. Alikuwa anapima hofu ya kupimwa. Mama mkwe alipoona mashine ina kazi akaomba na yeye apimwe, kisha wifi, kisha mama muuza vitumbua aliyekuja kudai deni lake. Kwa siku ile nyumba yetu ilikuwa zahanati isiyo na mganga. Nilipoificha mashine kwenye ndoo ya unga, mama mkwe aliipata kabla ya magharibi.

Mfuko wa karatasi tuliupata kwenye sinema. Wifi aliona mtu akipumulia kwenye mfuko akatulia, basi mume wangu aliposhikwa tena akamwekea mdomoni mfuko wa khaki uliokuwa karibu. Ulikuwa wa maandazi, na sukari bado imo. Alivuta pumzi, akavuta na sukari, akakohoa mpaka macho yakawa mekundu. Lazima nikiri kwamba hofu ilikatika. Baadaye tuliambiwa kwamba wataalamu wengi hawashauri tena mfuko, maana mwenye pumu au tatizo la kweli la moyo unaweza kumnyima hewa anayoihitaji. Na wale waliokuwa wakimpigia kelele “Vuta pumzi nyingi! Vuta!” nao walikuwa wanamwongezea mzigo, kwa sababu tayari alikuwa anavuta kupita kiasi.

Aliyetuambia hayo ni mama mmoja, mshauri wa saikolojia kwenye hospitali tuliyorudi kwa ushauri wa shekhe. Chumba chake kilikuwa kidogo, feni haizunguki, lakini ndani ya saa moja tulisikia maelezo ambayo hatukuwa tumeyapata miezi yote ile. Alisema hali ile inaitwa shambulio la hofu. Ubongo ukihisi hatari, hata kama hatari haipo, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio ili kupeleka damu kwenye misuli, na pumzi huharakishwa ili upate hewa ya kukimbilia. Mtu asipokimbia, akabaki amesimama pantoni na furushi lake, kule kupumua haraka humtoa kabonidayoksaidi nyingi mwilini, na upungufu wake ndio unaoleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo kuwasha. Kwa kawaida shambulio hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka, upende usipende.

“Na kuzimia je, dokta?”

“Mtu huzimia presha ikishuka, baba. Yako ikikushika inapanda. Hapo kuzimia ni kazi ngumu kuliko sasa hivi ulivyokaa. Labda uwe mtu wa kuogopa damu. Hao presha yao hushuka.”

Nikamkumbuka Shangazi Mkubwa, ambaye hatuchinji kuku mbele yake.

Kisha akamuuliza mume wangu swali ambalo sisi hatukuwahi kumuuliza: katika juma lililopita, alishikwa kwa muda gani kwa jumla, na alikaa akisubiri kushikwa kwa muda gani? Akapiga hesabu kwa vidole. Kushikwa, labda robo saa. Kusubiri, alinitazama, akasema, “Muda uliobaki wote.”

Yule mama akamtajia daktari wa Australia, Claire Weekes, ambaye mwaka 1962 alitoa kitabu kwa ajili ya watu wa namna yake, akawaagiza mambo manne: ikabili, ikubali, elea nayo, acha muda upite. Mume wangu aliyapenda, akayaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mama mkwe alisomewa, akafikia “elea”, akauliza kwa nini daktari anamtabiria mwanawe mambo ya majini.

Dawa zilizungumzwa pia. Zipo za kutumia kwa muda mrefu, daktari akiona inafaa. Ila vile vidonge vya kulegeza mwili ambavyo kaka yake alikuwa amevinunua duka la dawa bila cheti, alituambia tusivitumie kienyeji: vinazoeleka, na mtu akivuka kwa kidonge, sifa za kuvuka huchukua kidonge. Halafu akanigeukia mimi, na maagizo ya siku ile yakaanza kuhusu nyumba. Mashine ya presha irudi kwa mwenyewe. Mgonjwa apeleke sare zake. Tusimuulize anajisikiaje. Akituuliza kama moyo wake uko sawa, tujibu mara moja tu, kisha tuseme swali hilo lilishajibiwa. Na tusimpe pole.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu ananyimwa chumvi, ananyimwa nyama nyekundu, lakini pole? Nyumba ya Kiswahili itazungumza nini? Mtu akijikwaa, pole. Akirudi kazini, pole. Akikohoa chumba cha pili, pole inapita ukutani. Mama mkwe alisema huo ni ukatili wa kizungu, akaendelea kuitoa kwa siri wakati wa kumpelekea chai. Mimi nilijizuia kwa kuuma kanga. Wanangu ndio walioipokea sheria mpya kwa furaha. Mdogo, akiulizwa kama amefanya kazi ya shule, alinyoosha kidole akasema, “Swali hilo lilishajibiwa.”

Mazoezi nayo yalikuwa ya ajabu. Alitakiwa ajiletee dalili kwa makusudi, nyumbani, ili mwili ujifunze kwamba dalili si kifo: apumue haraka dakika moja, akimbie papo kwa papo hadi moyo uende mbio, ajizungushe kwenye kiti mpaka kizunguzungu kije, kisha akae nacho bila kukifukuza. Kiti tuliazima saluni ya jirani. Na ilikuwa Jumatano ya juma hilo la posa, mume wangu akizunguka katikati ya sebule macho yamefumbwa, mimi nimeshika saa, mwanangu anasukuma, ndipo Shangazi Mkubwa alipofungua mlango na ujumbe wake kuja kupanga safari.

Alituangalia. Kiti kiliendelea kuzunguka.

“Mmemfanya nini mtoto wa kaka yangu?”

“Ana kizunguzungu, shangazi,” nikasema.

“Na nyie mnatazama?”

“Ndiyo. Bado sekunde kumi.”

Akavua ndala akaketi chini, akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mume wangu aliposhuka kwenye kiti alikwenda kumwamkia, akapitiliza, akamwamkia kabati. Katika kikao hicho ilipitishwa kwamba mshenga abadilishwe. Mume wangu, akiwa bado ameshika ukuta, alikataa. Kijana ni wa dada yake, barua ataipeleka yeye, na itakwenda kwa pantoni. Sikuwahi kumpenda mtu kiasi kile, na sikuruhusiwa kumwambia hata pole.

Alhamisi alipanda ngazi ya kwanza aliyopewa na yule mshauri: akaenda Magogoni, akasimama tu karibu na geti akitazama watu wakipanda, mpaka ule msukumo wa kukimbia ulipochoka. Akarudi. Ijumaa alivuka na kurudi, peke yake, mchana wa watu wachache. Alisema ilimshika kidogo. Nilitaka kumuuliza kidogo kiasi gani. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Usiku akaanza tena na foleni na injini, lakini safari hii, badala ya kumjibu, nilimwambia tuandike barua. Tuliiandika mara kadhaa, maana kila mara alikuwa anamwombea radhi baba wa binti kwa jambo ambalo halijatokea.

Jumamosi tukaondoka: mashangazi watatu wenye madera yanayofanana, kaka mtu, wifi, mimi na sinia la halua, na mshenga katika kanzu aliyoishona mwenyewe, barua kifuani imefungwa kwenye leso nyeupe na kishika uchumba ndani yake. Pantoni ilijaa: bajaji, mikokoteni ya maji, mama mwenye tenga la kuku. Tulipoondoka gatini alikuwa ananitania. Tulipofika katikati akanyamaza. Nikaona koo linapanda na kushuka.

“Imekuja,” akasema.

Shangazi Mkubwa alifungua mdomo. Nilimkanyaga. Mume wangu aliachia bomba alilokuwa amelishika, akaacha mikono ining'inie, akasimama tu huku jasho likimchuruzika mpaka kwenye ukosi. Mama wa kuku alimtazama akamwambia, “Pole, baba,” na wote tukamgeukia yule mama kwa jicho kali mpaka akahamisha tenga.

Sasa fanya hesabu. Shambulio linaweza kuchukua hata dakika kumi kufika kileleni. Pantoni hukaa majini muda mfupi kuliko huo. Mlango ulipoteremshwa Kigamboni, mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anapanda. Watu wakaanza kushuka, na yeye hakutikisika.

“Twende, tumefika,” kaka yake akasema.

“Sishuki. Nimeambiwa nisiondoke nikiwa juu. Nikishuka sasa, mwili utajua kushuka ndiko kulikoniponya.”

“Mwili gani huo unaotusubirisha?”

Mfanyakazi wa pantoni alikuja kutuhimiza. Nikamwambia mshenga bado hajamaliza. Akauliza hajamaliza nini. Kaka mtu akajibu, bila kufikiri, kwamba amepoteza pete ya posa, na hapo huruma ikawa kubwa. Watu wawili wakarudi kusaidia kutafuta, wanainama chini ya mikokoteni. Pete haikuwahi kuwapo. Wakati wanainama, magari ya kurudi mjini yakaingia, mlango ukapanda, na ujumbe mzima wa posa ukaanza kurejea Magogoni, na sinia lake la halua.

Sitaandika maneno aliyosema Shangazi Mkubwa katika safari ile ya kurudi. Wifi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mtu. Mume wangu alikuwa ametazama maji, na mahali fulani kabla ya gati mabega yakashuka, rangi ikamrudia. Akapiga mwayo. Akaniuliza kama nina karanga.

Tulivuka tena. Moyo ulimwenda mbio kidogo, alisema, akaendelea kutafuna. Kwa wakwe tulifika kwa kuchelewa, jua limepinda, na wazee wamenuna kwenye mkeka. Mume wangu alipiga hodi, akasalimia, akapiga magoti kukabidhi barua. Mikono ilitetemeka waziwazi. Sauti nayo ilitetemeka, na hakujaribu kuificha. Wazee wakatazamana. Babu wa binti akasema siku hizi washenga wanakuja vifua mbele utadhani wanakuja kununua ng'ombe. Hajaona kijana mwenye adabu na hofu ya Mungu namna hii kwa miaka mingi. Barua ikapokewa. Kuhusu mahari walisema watatujibu, na walipojibu hawakupunguza hata shilingi, msidhani.

Majibu yalikuja baada ya muda, na harusi ikapangwa hukohuko Kigamboni, usiku, ukumbini, mshenga akitakiwa kutoa neno mbele ya wageni kwa kipaza sauti. Kadi ilipofika tu, mume wangu akaniuliza ukumbi una milango mingapi. Nikamwambia hilo atalijua akifika. Akafikiri, akaenda saluni kwa jirani kuazima kiti.

Shangazi Mkubwa yeye amesema atazunguka kwa daraja.